J.L.B. Smith: Mwanakemia aliyemsaka samaki wa kale kwa miaka 14

ASUBUHI ya Desemba 29, 1952, ndege ya kijeshi ya Afrika Kusini aina ya Dakota ilitua katika kisiwa kidogo cha Pamanzi, Mayotte, ambacho Waswahili hukiita Maore. Haikuwa imebeba silaha wala askari wa kwenda vitani. Abiria wake mkuu alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka 55, profesa wa chuo kikuu, ambaye hakuwa amepata usingizi wa maana kwa siku kadhaa.

Profesa huyo aliongozwa hadi kwenye jahazi lililotia nanga ufuoni. Sanduku lilifunguliwa mbele yake, pamba iliyofunika kilichomo ikaondolewa, naye akapiga magoti na kulia kama mtoto. Ndani ya sanduku mlikuwa na samaki.

Mtu huyo ni James Leonard Brierley Smith, ambaye dunia ya wanasayansi inamfahamu zaidi kwa herufi tatu za mwanzo wa majina yake, J.L.B. Samaki aliyemliza ni silikanti, kiumbe ambacho wataalamu wote wa wakati huo walikuwa wamefundishwa kwamba kilitoweka duniani pamoja na dinosaria, takriban miaka milioni 66 iliyopita.

Smith alizaliwa mnamo 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, bara kabisa, mbali na bahari. Babake alikuwa mfanyakazi wa posta, na familia ilihamahama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mapenzi yake kwa samaki yalianza utotoni wakati wa likizo za pwani, lakini hakuyafanya kuwa kazi. Shuleni na chuoni alibobea katika kemia.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikatiza masomo yake na kumleta katika eneo letu la Afrika Mashariki, ambako majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalikuwa yakipambana na Wajerumani. Wasomaji wanaojua asili ya jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi wanafahamu jinsi kampeni hiyo ilivyowaangamiza wapagazi wa Kiafrika, wengi wao kwa maradhi badala ya risasi. Smith aliponea chupuchupu. Aliugua malaria, kuhara damu na homa ya baridi yabisi, na ingawa alirudi kwao akiwa hai, mwili wake haukupata tena nguvu kamili. Maisha yake yote yaliyofuata aliishi kwa nidhamu kali ya chakula na matembezi marefu ya miguu, akihesabu kila saa kana kwamba ni ya mkopo.

Baada ya vita alipata shahada ya uzamifu katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mnamo 1922. Aliporejea nyumbani aliajiriwa na Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Mchana alifundisha kemia na kuandika vitabu vya somo hilo. Usiku na wakati wa likizo alipima samaki, akahesabu miiba ya mapezi yao na kuwalinganisha na maelezo ya vitabuni. Hakuna aliyemfundisha taaluma hiyo. Alijifunza mwenyewe, na kufikia miaka ya 1930 majumba madogo ya makumbusho ya pwani ya Afrika Kusini yalikuwa yakimtumia samaki yeyote aliyewatatiza.

Mojawapo ya majumba hayo lilikuwa la mji wa East London, ambalo msimamizi wake alikuwa Bi Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke kijana asiyekuwa na shahada yoyote ila mwenye macho makali. Mnamo Desemba 22, 1938, aliarifiwa kwamba meli ya uvuvi Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilikuwa imetia nanga na samaki wa kuchagua. Bi Latimer alikuwa na shughuli nyingi, lakini alihisi si uungwana kutoenda kuwatakia mabaharia Krismasi njema. Katika lundo la papa akaona pezi la rangi ya samawati.

Samaki huyo alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzani wa zaidi ya kilo 57. Magamba yake yalikuwa magumu kama siraha, na mapezi yake yalichomoza mwilini kwa vikonyo vya nyama mithili ya viungo vya mnyama wa nchi kavu. Dereva wa teksi alikataa kumbeba kwa sababu ya harufu, hadi aliposhurutishwa. Mwenyekiti wa bodi ya jumba la makumbusho alimtazama na kumpuuza, akidai ni chewa tu. Chumba cha maiti hakikumtaka, na ghala la barafu halikumtaka. Katika joto la Desemba, Bi Latimer hakuwa na la kufanya ila kumkabidhi fundi ili amchune na kumkausha. Matumbo na matamvua yakatupwa.

Barua yake yenye mchoro wa kalamu ilimfikia Smith mjini Knysna, alikokuwa likizoni, mnamo Januari 3, 1939. Smith aliutazama mchoro akashindwa kuamini macho yake. Silikanti walijulikana kwa takriban karne moja kutokana na visukuku vilivyofukuliwa katika miamba, na hakuna kisukuku chao chochote kilichokuwa cha karibuni zaidi ya enzi za dinosaria. Alituma simu kuomba sehemu za ndani zihifadhiwe. Alikuwa amechelewa.

Ajabu ni kwamba Smith hakukimbilia East London mara moja. Alisubiri hadi Februari 16. Wapo wanaomlaumu kwa ajizi hiyo, lakini mwandishi huyu anamwelewa. Alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kidogo cha mkoani, asiye na shahada yoyote ya elimu ya wanyama, na alikuwa karibu kuutangazia ulimwengu jambo ambalo likithibitika kuwa la uongo lingemfanya kichekesho maisha yake yote. Alipomwona samaki mwenyewe, shaka ilimwisha. Mnamo Machi 1939 alichapisha taarifa katika jarida la Nature na kumpa samaki huyo jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Bi Latimer na ya mto Chalumna ambao aliyevuliwa karibu na mlango wake.

Umaarufu ulikuja, na pamoja nao udhia. Smith alikuwa na ngozi na fuvu, lakini hakuwa na moyo, ubongo wala utumbo wa mnyama ambaye kila mwanabiolojia duniani alitaka kujua undani wake. Alihitaji samaki wa pili. Vita Vikuu vya Pili vikazuka mwaka huohuo, na msako ukasimama.

Hapa ni lazima atajwe mtu ambaye bila yeye simulizi hii isingekuwa na sehemu ya pili. Mnamo 1938, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, Smith alimwoa Margaret Macdonald, aliyekuwa mwanafunzi wake na mdogo wake kwa miaka 19. Margaret aliisomea kemia, lakini alijifunza kuchora samaki, akajifunza Kireno ili aweze kuzungumza na maafisa wa Msumbiji, na akawa ndiye anayepanga safari, mahema, chakula na fedha. Kitabu kikubwa cha mumewe kuhusu samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika, kilichotoka mnamo 1949, kina michoro yake mingi. Wakati huo Smith alikuwa ameiacha kemia na kuwa profesa wa utafiti wa samaki.

Wawili hao walizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kuanzia Msumbiji hadi Kenya na Zanzibar, na baadaye Ushelisheli na Aldabra. Smith aliwapa majina ya kisayansi zaidi ya aina 300 za samaki waliokuwa hawajawahi kuelezwa na wataalamu. Wavuvi wetu, bila shaka, walikuwa wakiwajua na kuwala kwa karne nyingi.

Njia aliyotumia kuwakusanya ni jambo ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita bila kukunja uso. Smith alitumia baruti. Alitega milipuko kwenye miamba ya matumbawe na kuokota samaki waliozimia au kufa. Wakati huo wanasayansi hawakuona ubaya wowote, kwani bahari ilidhaniwa haina mwisho. Lakini mvuvi wa Tanga aliyelipua mwamba miaka ya karibuni alitiwa pingu na kuitwa mharibifu, ilhali profesa aliyefanya hivyohivyo zamani alipewa vibali na barua za utambulisho. Ni kweli kwamba Smith aliokota sampuli kwa ajili ya elimu na hakurudi kila wiki. Hata hivyo, tumbawe lililovunjika halimwulizi aliyelivunja alikuwa na nia gani.

Smith aliamini kwamba samaki wa East London alikuwa amepotea njia, na kwamba makao ya silikanti yalikuwa kaskazini zaidi. Alichapisha karatasi zenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza watakaopatikana. Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili na Kikomoro, lugha za watu waliokuwa na ndoana majini, hazikuwamo. Picha ndiyo iliyookoa jambo.

Mnamo 1952, wakiwa Zanzibar baada ya ziara ya Kenya, akina Smith walikutana na Mwingereza aitwaye Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya kisiwa hicho na visiwa vya Komoro. Jahazi lake liliitwa Nduwaro, jina ambalo wavuvi wa pwani wanalijua kuwa la samaki mwenye mdomo kama upanga. Hunt alichukua karatasi kadhaa akaenda kuzisambaza.

Usiku wa Desemba 20, 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua samaki mkubwa karibu na Domoni katika kisiwa cha Anjouan, yaani Nzuani. Kwake huyo hakuwa muujiza. Wakomoro walimfahamu, wakimwita gombessa, na hawakumthamini sana kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi yanayosumbua tumbo. Asubuhi alimpeleka sokoni. Alikuwa karibu kukatwakatwa wakati mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alipomtazama na kukumbuka picha aliyoiona kwenye karatasi ya zawadi. Hunt alikuwa Mutsamudu, upande wa pili wa kisiwa. Samaki akabebwa kwa miguu kuvuka milima hadi huko.

Hunt alimtia chumvi, akavuka naye hadi Mayotte na kupata formalini ya kumdunga. Kisha akamtumia Smith simu. Ujumbe ulimfikia mkesha wa Krismasi katika bandari ya Durban, akiwa ndani ya meli ya abiria iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kutoka safari hiyohiyo ya Afrika Mashariki. Fikiria uchungu wa mtu aliyekuwa amepita karibu na Komoro siku chache tu kabla!

Kila ofisi ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Smith alipiga simu kwa mawaziri na maafisa, na hakufua dafu. Usiku wa Desemba 26 alifanikiwa kumpata kwa simu Waziri Mkuu, Daktari D.F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni karibu na Cape Town. Bahati ilimwangukia: Malan alikuwa na nakala ya kitabu cha Smith hukohuko likizoni, na baada ya kukitazama akaona kwamba mwandishi wake hawezi kuwa mwendawazimu. Akaamuru ndege itolewe.

Ndivyo Smith alivyofika Pamanzi. Wafaransa, waliokuwa wakitawala visiwa hivyo, walimpokea vyema na kumwacha aondoke na samaki. Inasimuliwa kwamba njiani marubani walimtania kwa kumwambia ndege za kivita za Ufaransa zinawafuata, naye akaamini kwa dakika kadhaa. Utani huo haukuwa mbali na ukweli. Punde Paris ilipotambua kilichochukuliwa, visiwa vya Komoro vilifungwa kwa watafiti wa mataifa mengine, na silikanti waliovuliwa kuanzia 1953 wakapelekwa kwa wanasayansi wa Ufaransa. Uchunguzi kamili wa viungo vya ndani, ambao Smith aliuota kwa miaka 14, ulifanywa na Jacques Millot na Jean Anthony.

Smith alimpa samaki wa Anjouan jina la Malania anjouanae, kumshukuru Waziri Mkuu. Alidhani ni jenasi tofauti kwa kuwa hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. Baadaye ilibainika kwamba pezi hilo lilikuwa limepotea tu, na kwamba samaki huyo ni Latimeria yuleyule wa 1938. Jina la Malan likafutika. Hakuna wa kulililia, kwa maana Malan ndiye aliyeingia madarakani mnamo 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sera ya serikali. Kinachosikitisha ni kwamba Smith, katika furaha yake, hakuona kuwa kulikuwa na majina mengine mawili, la Ahamadi na la Affane, yaliyostahili zaidi kubandikwa kwenye samaki huyo. Mvuvi alilipwa pauni zake 100, kiasi kikubwa mno kwa mtu wa kazi yake, na hapo hesabu ikafungwa.

Mnamo 1956 Smith alitoa kitabu cha kisa hicho, Old Fourlegs, kilichosomwa kote duniani na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka huohuo Hunt alipotelea baharini kati ya Komoro na Madagascar baada ya chombo chake kugonga mwamba, na hakuonekana tena.

Jina la kitabu hicho lilimaanisha kwamba silikanti ni mzee wa viumbe wote wenye miguu minne, binadamu akiwemo. Katika hilo elimu ya jeni imemsahihisha Smith kwa upole. Mnamo 2013 kikundi cha wanasayansi wa mataifa mbalimbali kilichapisha jenomu nzima ya silikanti wa Afrika, yenye herufi za kijeni zinazokaribia bilioni tatu. Iligunduliwa kwamba jeni zake za kutengeneza protini hubadilika polepole zaidi ya za wanyama wengi wenye uti wa mgongo. Iligunduliwa vilevile kwamba jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu si silikanti bali ni samaki wenye mapafu, ukoo wa kamongo anayevuliwa katika Ziwa Victoria. Kumbe binamu aliyetafutwa kwa ndege ya kijeshi alikuwa akiuzwa Kisumu.

Silikanti wenyewe hawakuwa wa Komoro pekee. Mmoja alinaswa na meli ya uvuvi karibu na Malindi mnamo 2001. Miaka miwili baadaye walianza kupatikana nchini Tanzania, kwanza Songo Mnara karibu na Kilwa, kisha kwa wingi Tanga, wakinaswa na majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Aina ya pili ilikuwa tayari imegunduliwa Indonesia, ikapewa jina la kisayansi mnamo 1999.

Utafiti wa jeni uliochapishwa mnamo 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lililojitenga na wenzao wa Komoro na wa kusini mwa nchi hiyo kwa muda mrefu sana. Maana yake ni kwamba wa Tanga wakiisha, wa Komoro hawatajaza pengo. Uchunguzi mwingine wa 2021 ulikadiria kuwa silikanti huishi takriban miaka 100, hukomaa akiwa na zaidi ya miaka 40, na hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Mnyama wa aina hiyo hawezi kustahimili uvuvi wa kila siku. Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga mnamo 2009, na biashara ya kimataifa ya samaki huyu imepigwa marufuku.

Smith hakuyaona haya. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika bila kupumzika, na mnamo 1963 yeye na Margaret walichapisha kitabu kuhusu samaki wa Ushelisheli. Hakuwahi kumwona silikanti akiwa hai. Picha za kwanza za filamu za samaki hao wakiogelea katika makao yao zilipigwa mnamo 1987 na Mjerumani Hans Fricke, aliyezama kwa nyambizi ndogo kando ya Ngazija. Afya iliyovurugwa na vita vya Afrika Mashariki ilizidi kuzorota, na Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70, alijitoa uhai mjini Grahamstown.

Margaret hakukaa kulia. Mwaka huohuo aliongoza kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe, akawa mkurugenzi wake wa kwanza, na kulea kizazi cha wataalamu wa samaki. Kitabu cha 1949 kilifumwa upya na wataalamu wengi chini ya uhariri wake na wa Phillip Heemstra, kikatoka mnamo 1986. Alifariki mwaka uliofuata. Tangu 2001 taasisi hiyo imekuwa ikiitwa Taasisi ya Afrika Kusini ya Bioanuwai ya Majini, na ina makusanyo makubwa ya samaki wa Bahari Hindi ya magharibi, wakiwemo wale waliookotwa na akina Smith katika pwani yetu.

Bi Latimer aliishi kuwazidi wote. Alifariki mnamo Mei 2004 akiwa na umri wa miaka 97. Samaki wake, aliyekaushwa kwa haraka ile ya Krismasi, bado yumo katika jumba la makumbusho la East London.